Kuku Watatu kwa Bunduki ya Sponji

Wiki iliyopita mwanangu alinivuta mkono mpaka kwenye duka moja hapa Korogwe mjini, akanionyesha bunduki ya kuchezea, ile inayorusha vishale vya sponji. Muuzaji, kijana mchangamfu, akafungua boksi ili tuone mzigo wenyewe. Harufu ikanipiga usoni, ya plastiki mpya na sponji ambayo haijaguswa na mtu. Nikamwambia ni ghali. Hata bei alikuwa hajanitajia. Nikatoka nje, mwanangu akanifuata amenuna, akiamini kwamba mama yake ni bahili. Sikumsahihisha. Ubahili ni aibu ndogo, na nilikuwa tayari kuibeba mpaka nyumbani Masuguru.

Bunduki kama ile niliwahi kuimiliki. Wenzangu wa rika langu mliokulia Handeni mnaweza kubisha, maana enzi zetu bunduki ilikuwa ya bua la mahindi na mlio ulitoka mdomoni. Mimi nilikuwa nayo ya dukani, tena yenye boksi lake. Nilikuwa na miaka kumi, na niliilipia kuku watatu wa Bibi. Nimeishi na swali la kama ilistahili bei ile, na jibu ninalo tangu zamani, ila sikuwahi kulisema mbele ya mtu mpaka juzi.

Nyumbani Kwaluguru tulikuwa watatu: Bibi mzaa mama, mimi, na mdogo wangu Juma. Mama alifariki Juma akiwa bado ananyonya, na baba alikwenda kutafuta kazi akapotelea huko huko. Juma alikuwa na miaka sita, meno mawili ya mbele hayapo, na hakupata usingizi mpaka ashike sikio langu. Alilishika kwa nguvu kama aliyepewa kamba ya mbuzi aishike. Kila siku nilimgombeza, na kila siku nilimwachia.

Mwaka uliotangulia nyani walikuwa wamekula zaidi ya nusu ya shamba letu, na Mjomba, kaka yake mama aliyekuwa akiishi Magoma, ndiye aliyetulisha. Basi wakati wa palizi akaja, akakaa barazani, akanywa maji, akasema alichokuja kusema.

"Mama, mwaka huu siwezi kulisha nyumba mbili. Mahindi yakiliwa tena, Juma namchukua nikae naye Magoma. Huyu wa kike abaki akusaidie."

"Hayataliwa," Bibi akasema.

"Nasema yakiliwa."

"Na mimi nasema hayataliwa."

Mjomba hakuwa mtu mbaya, nilikuja kulijua hilo ukubwani. Alikuwa na watoto wake sita na kijaruba cha mpunga. Lakini siku ile nilimchukia mpaka viatu vyake pale mlangoni. Na tangu siku ile nikiangalia shamba sikuona tena mahindi. Nilimwona Juma amesimama pale, anangoja kuliwa.

Sasa kuna jambo ambalo watu wa mjini nikiwasimulia hucheka. Nyani anamjua mwanamke. Mwanamume akitokea shambani, nyani anaondoka kabla hata hajafokewa. Mwanamke akitokea, nyani anamtazama, anapima jiwe lake litafika wapi, halafu anasogea hatua moja nyuma ya pale jiwe litakapoangukia na kuendelea kula. Ndiyo maana wanawake wa kwetu wakienda kulinda huvaa koti na kofia ya mwanamume. Bibi alikuwa na koti la marehemu Babu kwa kazi hiyo, lakini macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hata nyani akikaa karibu hakumwona. Mtu pekee ambaye nyani walimheshimu bila mjadala alikuwa jirani yetu Mzee Mhando, aliyekuwa na gobole. Baruti ilikuwa ghali, kwa hiyo hakuwa akilipiga. Alipita tu nalo begani. Na siku moja nilimwona kwa macho yangu amebeba mpini wa jembe begani badala ya gobole, na nyani wakakimbia vilevile. Hapo nikajenga elimu yangu yote: nyani haogopi risasi, anaogopa umbo.

Mahindi yalipoanza kutoa ndevu, Bibi aliamua kumwajiri mtu. Kijijini palikuwa na bwana mwenye mbwa wanne, ukimlipa anakaa shambani kwako mpaka mahindi yakauke. Bibi hakuwa na fedha, alikuwa na majogoo wawili na tetea mmoja. Jirani mwingine aliyepeleka machungwa Korogwe siku ya soko alikubali kunichukua, maana huko kuku walikuwa na bei.

"Uza, nunua chumvi, inayobaki funga kwenye khanga," Bibi akaniambia. "Usiifungue mpaka ufike hapa. Kesho yake nampelekea mwenye mbwa."

Kuku waliuzika upesi. Chumvi nikaenda kuinunua kwenye duka la mama mmoja wa Kihindi, watu walimwita Mama Nargis, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba. Nilikuwa nimeshapewa chumvi mkononi nilipoinua macho. Juu ya rafu, kati ya sabuni na madaftari, kulikuwa na boksi lenye picha ya mtoto ameachama mdomo, ameshika bunduki, na kishale kinatoka mbele kikiwa na moto mkiani. Moto kabisa, mwekundu na njano. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Kilichochapishwa kwenye karatasi nilikiamini.

"Shikamoo mama. Ile ni bunduki?"

"Marahaba. Ya kuchezea."

"Naomba niione."

Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala, halafu nadhani akaona hana mteja mwingine. Akaishusha. Ilikuwa ndefu karibu sawa na mkono wangu, ya rangi ya chungwa na bluu. Akaingiza kishale, akavuta kitu nyuma, akaelekeza kwenye kalenda ukutani. Kwaa! Paka aliyekuwa amelala juu ya magunia ya sukari aliruka akapotea nyuma ya duka. Kishale kikagonga kalenda, kikaangukia kwenye mchele.

Nilikiokota. Nilikibonyeza, kikabonyea, nikakiachia, kikarudi. Nilikinusa. Kilikuwa laini kuliko godoro. Nasema hivi ili mjue kwamba sikudanganywa na mtu.

"Haiumizi?" nikauliza.

"Ingeumiza ningewauzia watoto?"

"Nyani anaiogopa?"

Akacheka. Halafu akaona sicheki, akaacha. Akainama juu ya kaunta mpaka miwani ikaning'inia.

"Sikiliza mwanangu. Mimi nimezaliwa hapa hapa Korogwe, nyani nawaona nikiwa ndani ya gari. Hiki ni kitu cha kuchezea, tena cha ndani. Kama nyumbani kuna shida ya nyani, hiyo fedha irudishe kwa aliyekutuma. Mimi siuzi mbuzi kwenye gunia."

Nikamuuliza bei. Ikawa ni kuku watatu kasoro ile chumvi.

Nilisimama pale muda mrefu. Jirani yangu alikuwa ananingoja sokoni, nami nimeshika fundo la khanga kiganjani. Nilipima kama nilivyojua kupima. Paka amekimbia. Mzee Mhando anawafukuza kwa mpini. Mwenye mbwa atalipwa mara moja na mwakani tena atataka kulipwa, lakini bunduki itabaki. Hesabu zangu zilikuwa nzuri, hata mwalimu angezipa vema. Lakini chini ya hesabu hizo kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuwa na hesabu: niliitaka. Niliitaka tangu nilipoiona, kabla sijamkumbuka nyani wala Juma. Nikafungua khanga.

Nilipofika nyumbani jioni Bibi alikuwa barazani anapepeta. Nilimwekea bunduki mapajani. Akaipapasa kuanzia kitako mpaka mdomo, taratibu, kama anavyopapasa mtoto wa mtu aliyekuja kumsalimia.

"Ni nyepesi," akasema.

"Ni ya kisasa, Bibi."

"Mwe! Na fedha ya mbwa?"

"Ndiyo hiyo."

Ungo ulikuwa umesimama mkononi mwake. Nikamweleza habari za gobole na mpini wa jembe, nikamweleza paka, nikaongeza kidogo hapa na pale. Sikumweleza kwamba mwenye duka alinikataza.

"Wewe ndiye mwenye macho," akasema mwishoni. "Itatosha?"

"Itatosha."

Juma alikuwa anarukaruka kwa furaha. Kwake yeye dunia ilikuwa imetimia. Usiku ule alishika sikio langu kwa mkono mmoja na kishale kwa mkono mwingine.

Kulipokucha niliipaka ile bunduki masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta ya kula mpaka rangi ya chungwa ikafa. Nikavaa koti la Babu, likanifika kwenye vifundo, nikavaa na kofia yake. Tulikwenda kwenye dungu letu, jukwaa la miti alilokuwa amelijenga Babu katikati ya shamba, nikapanda, nikasimama wima na bunduki begani. Juma nilimwambia akae chini ya dungu asionekane, maana hakuna mwanamume anayelinda na mtoto anayecheka. Nikamwambia pia kwamba bunduki hii haipigwi shambani. Kupiga ni nyumbani tu.

Nyani wakashuka kutoka kilimani, kundi zima, akina mama wamebeba watoto migongoni, na mbele yao dume kubwa lenye kovu juu ya jicho. Dume likaniona. Likasimama. Mimi miguu inatetemeka ndani ya koti, nikashukuru koti ni refu. Likabweka mara moja, na wote wakageuka.

Sijawahi kufurahi vile. Nilimshukia Juma nikamkumbatia, tukaanguka kwenye magugu. Bibi alipika ugali na mlenda siku ile akaimba jikoni, yeye ambaye hakuimba tangu msiba wa mama.

Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Lakini siku ya nne dume halikuondoka na wenzake. Lilikaa juu ya kichuguu pembeni mwa shamba, mikono juu ya magoti, likanitazama. Nilijiambia linaona haya kukimbia mbele ya wake zake. Siku ya tano kichuguu kilikuwa kitupu, na lenyewe lilikuwa limekaa mbele yake, hatua kama kumi karibu zaidi. Halikula. Lilitazama tu. Mkono wangu uliuma kwa kushikilia bunduki nikaibadilisha bega, na nikaona kichwa chake kinafuata. Bunduki ya kweli haibadilishwi bega upesi namna ile, ni nzito. Lakini hilo nimelifikiria baadaye sana.

Siku ya sita liliingia kwenye mstari wa kwanza wa mahindi. Likavunja hindi moja, likalimenya, macho yake yakiwa kwangu. Nyuma yake kundi lilikuwa limesimama, linangoja. Nilielewa vizuri kabisa nilipofika. Nikikaa kimya, watajua. Nikipiga, watajua. Nilitamani Bibi angekuwa pale aniambie, lakini Bibi alikuwa nyumbani, amepumzika kwa sababu mimi nilimwambia itatosha.

Nikapiga.

Ule mlio ulitoka vizuri. Kwaa! Kundi lote likaruka, wengine wakapanda miti, na kwa kitambo kidogo nikaamini imetosha. Kishale kilikwenda, kikapoteza nguvu hewani, kikaanguka kwenye udongo kama tunda la mti usiojulikana. Na kutoka chini ya dungu Juma akachomoka mbio kukiokota. Ndiyo ilikuwa kazi yake nyumbani. Kila nilipopiga, yeye aliokota.

"Juma! Rudi!"

Sauti yangu ilikuwa ya mtoto wa kike, na shamba zima liliisikia. Juma akasimama. Dume nalo lilikuwa limeshashuka mpaka pale. Kati yao kulikuwa na kile kishale, na umbali wa hatua tano au sita. Nilikuwa juu, sina jiwe, sina fimbo, nina kitu cha plastiki mkononi. Dume lilikuwa kubwa kuliko Juma. Niliona meno yake lilipopiga miayo, wanavyofanya wakitisha, na niliona suruali ya Juma inalowa.

Dume likanyoosha mkono, likachukua kishale. Likakigeuza. Likakibonyeza kwa kidole gumba. Likakinusa, likakiuma, likakichana vipande viwili na kuitema sponji. Kisha likaniangalia mimi mle ndani ya koti la Babu, halikubweka, halikunikimbilia. Likanipa mgongo. Likakaa pale pale, mbele ya Juma, na kuvunja hindi la pili.

Kundi likashuka lote.

Nilishuka nikambeba Juma, nikagonga debe tupu lililokuwa chini ya dungu, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nilirusha ile bunduki yenyewe, ikapasuka kwenye shina la mti, na nyani jike mmoja akaisogeza kwa mguu ili apite. Bibi alikuja akijikwaa kwa kuwa alisikia kelele, akapitiliza mpaka kwa mwenye mbwa kumwomba. Yule bwana alisikitika kweli. "Ningekuja mama, ila nimeshapokea fedha ya watu wengine," akasema. Kwa asubuhi tatu walikula mpaka ukabaki mstari mmoja upande wa njia, ambako watu hupita.

Mjomba alikuja na baiskeli. Alilitembea shamba lote, akarudi barazani, akauliza lile nililokuwa nikiliogopa.

"Mama, si ulikuwa na kuku? Kwa nini hukumlipa mwenye mbwa?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Bibi hakugeuza uso upande wangu.

"Walichukuliwa na kicheche," akasema. "Wote watatu."

Ningeweza kusema. Palikuwa na nafasi ya kusema, kimya kirefu kabisa, na mimi nikakiacha kipite.

Juma alifungiwa nguo zake kwenye kipande cha khanga. Nilimsindikiza mpaka pale Mjomba alipoiegemeza baiskeli. Juma hakulia. Aliniinamisha aninong'oneze, pumzi yake ikapita kwenye pengo la meno.

"Dada, ni kwa sababu nilikimbilia kishale?"

Nikamwambia, "Nenda. Utakuja likizo."

Hilo ndilo jibu nililompa. Sikusema ndiyo, wala sikusema hapana. Mtoto wa miaka sita asipoambiwa hapana anajua la kuchukua.

Likizo ya kwanza Bibi na mimi tulikwenda njiani tangu asubuhi, gari zikapita. Ya pili vivyo hivyo. Bibi alikuwa anachemsha mayai anayaweka, jioni tunayala wenyewe. Mjomba alipokuja peke yake alisema tu, "Amekataa, amezoea kule." Mimi nikaamua kwamba Juma ameonja ubwabwa wa Magoma akatusahau. Nikamkasirikia, na hasira ile ilinisaidia sana, kwa sababu ilikaa mahali pa lile nililokuwa sijalisema. Tukawa ndugu wa misiba na harusi. Kwenye maziko ya Bibi tulishikana mikono kama watu wa kamati.

Juzi Jumamosi, baada ya ile harufu dukani, nilipanda gari kwenda Magoma bila kumwarifu. Juma sasa ni mtu mzima, ana mke, ana shamba la mpunga, mtulivu mno. "Shikamoo dada," akasema, akanitolea kiti chenye mto, kile cha wageni, akakifuta vumbi kwa mkono. Chai ikaja. Tukaulizana habari za mvua. Binti yake mdogo alikuwa anacheza uani, mpira wa makaratasi ukamponyoka ukabingirika kuelekea njiani, naye akaufuata mbio. Juma alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake, akafoka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Usikimbilie kitu! Nimekwambia mara ngapi usikimbilie kitu!" Mtoto akaganda. Mkewe akaniangalia kwa aibu, kama anaomba radhi.

Nikaweka kikombe chini. Nilimweleza yote pale pale, mbele ya mkewe. Duka, onyo la Mama Nargis, fedha ya mbwa, uongo wa Bibi na kimya changu. Nilimwambia hakukosa kitu, alikuwa mtoto anaokota alichozoeshwa kuokota, na kwamba bei ya ile bunduki aliilipa yeye. Nililia, sioni haya kusema. Juma alikuwa ameshaketi tena, anatazama uani.

"Kila likizo Mjomba alikuwa ananiuliza kama nataka kuja kwenu," akasema. "Nilikuwa nasema sitaki. Nilidhani bado mmenikasirikia."

Akanigeukia.

"Kumbe mlikuwa mnaningoja?"

"Kila likizo," nikamwambia.